Unene Si Afya

Mwanafunzi arudipo likizoni Chepilat, pale Sotik inapopakana na Borabu, hulakiwa kwa sifa: "Umepata afya kweli!" Maana yake ni kwamba amenenepa. Aliyekonda naye huulizwa iwapo anaugua. Wanakiswahili wenzangu, matumizi haya yafaa kutazamwa upya.

Afya ni hali ya mwili kuwa mzima, bila maradhi. Mazoea ndiyo yaliyoigeuza kuwa tafsida ya unene. Mazoea hayo yana asili yake, kwani penye uhaba wa chakula mwili mnene huwa dalili ya neema. Lakini chuoni mambo hubadilika. Kijana aliyezoea kupanda na kushuka vilima vya mashamba ya chai, akila ugali wa wimbi kwa mnavu, sasa hushinda kitini, hushiba chipsi na soda, kisha hukesha.

Shirika la Afya Duniani huugawanya uzito wa mtu mzima kwa kilo kwa mraba wa urefu wake kwa mita. Jibu likifika 25, uzito umezidi. Hivyo, mwenye urefu wa mita 1.6 huufikia mpaka huo akiwa na kilo 64. Shirika hilo pia hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma, na kutembea kwa haraka kwenda darasani kumo.

Sisemi tuwacheke wanene. Kumwita mwenzetu "bonge" humjeruhi wala hakumponyi. Nasema tulirudishie neno maana yake. Tukiacha kuuita unene afya, huenda tukaanza kuitafuta afya yenyewe.