Kifungo juu ya kifungo: vijana wetu katika magereza ya Sydney

Katika mitaa ya magharibi ya jiji la Sydney, kuanzia Auburn na Blacktown hadi Liverpool, ambako Kiswahili cha Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania husikika ndani ya treni na sokoni, kuna jambo moja lisilozungumzwa hadharani. Harusi hutangazwa, misiba hutangazwa, michango hupitishwa. Lakini mtoto wa mtu akifungwa jela, mdomo nao hufungwa. Ndugu walioko Bukavu, Bujumbura au Kigoma wakiuliza habari zake, huambiwa kuwa yuko kazini katika mji wa mbali.

Ukimya huu una gharama kubwa, kwani nchini Australia kifungo cha mhamiaji hakiishii pale hakimu anapokitamka. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ni vyema tujiulize: wale walioko nyuma ya kuta wanatumaini nini, na sheria inawaachia nafasi gani ya kutumaini?

Tuanze na hali ilivyo. Katikati ya mwaka 2024 magereza ya Australia yalikuwa na watu zaidi ya 44,000. Waaborijini na wenyeji wa visiwa vya Torres Strait, ambao hawafiki asilimia 4 ya wananchi wote, walikuwa zaidi ya thuluthi moja ya wafungwa hao. Hili si jambo la jana. Tume ya Kifalme iliyochunguza vifo vya Waaborijini mikononi mwa dola kati ya mwaka 1987 na 1991 ilitoa mapendekezo 339, na moja kati ya yale makuu lilikuwa kwamba jela iwe hatua ya mwisho kabisa.

Kwa watoto, mambo hayako mbali na hayo. Katika jimbo la New South Wales, ambalo Sydney ndiyo makao yake makuu, mtoto wa miaka 10 anaweza kushtakiwa, ingawa akiwa chini ya miaka 14 upande wa mashtaka sharti uthibitishe kuwa alijua kosa lake ni kubwa. Mwaka 2024 bunge la jimbo hilo lilikaza masharti ya dhamana kwa vijana wa miaka 14 hadi 18 wanaoshtakiwa tena kwa kuvunja nyumba au kuiba magari wakiwa tayari nje kwa dhamana. Walio wengi katika vituo vya vijana kama Cobham na Reiby ni mahabusu, yaani hukumu zao bado.

Wanasema nini wenyewe?

Kwa bahati njema, sauti zao hazikuzimika zote. Katika gereza la Junee, kusini mwa jimbo hilo, wafungwa wa Kiaborijini wamekuwa wakiandika mashairi na kumbukumbu zao kwa msaada wa waandishi wakiongozwa na mama wa heshima, Aunty Barbara Nicholson, na maandishi yao yamechapishwa katika mfululizo wa vitabu uitwao Dreaming Inside. Hapa Sydney, shirika la CRC, linalowahudumia wafungwa na familia zao tangu mwaka 1951, liliandaa kipindi cha Jailbreak katika redio ya 2SER, ambamo wafungwa walisimulia, waliimba na kuwatumia salamu watu wao.

Ukifuatilia sauti za namna hii utashangaa jinsi matumaini yake yalivyo madogo. Hawaoti utajiri. Wanataka kumwona mama kabla hajafariki, mtoto asiwasahau sura, wapate chumba cha kukodi, leseni ya udereva, na mwajiri atakayesoma barua yao ya kuomba kazi hadi mwisho. Ni mambo ambayo mtu huru huyapata bila hata kuyahesabu. Lakini kwa aliyetoka jela bila anwani, kila moja kati ya hayo ni mlima. Ndiyo maana zaidi ya watu 4 kati ya kila 10 wanaoachiwa nchini humu hurudi gerezani ndani ya miaka miwili.

Wapo watakaosema kuwa waliotendewa uhalifu nao wana haki zao. Ni kweli, na mzee aliyevunjiwa nyumba yake usiku hastahili kubezwa. Lakini jela inayomrudisha mtu uraiani akiwa hana makazi wala kazi haimlindi mzee huyo. Inamwahirishia tu balaa.

Viza inapokatwa

Kwa jamii zetu kuna tatizo la ziada. Tangu mwisho wa mwaka 2014, kifungu cha 501 cha Sheria ya Uhamiaji kinailazimisha serikali kufuta viza ya mtu asiye raia aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, akiwa bado anatumikia kifungo. Haijalishi kama aliingia nchini akiwa mtoto wa miaka mitatu aliyebebwa mgongoni kutoka kambi ya wakimbizi. Barua hufika gerezani, naye ana siku 28 tu za kuomba uamuzi huo utenguliwe. Kijana asiyeijua lugha ya sheria, na ambaye familia yake imekata mguu kwa sababu ya aibu, siku hizo humpita bila habari.

Akimaliza kifungo, hafunguliwi mlango wa kwenda nyumbani. Hupelekwa kituo cha wahamiaji, na hapa Sydney kituo hicho ni Villawood, mahali palipoanza mwaka 1949 kama makazi ya kuwapokea wahamiaji kutoka Ulaya. Mfungwa wa jela huhesabu siku zilizobaki, lakini aliye Villawood hana cha kuhesabu.

Kwa karibu miaka 20, tangu uamuzi wa mwaka 2004 katika kesi ya Al-Kateb, mtu asiyeweza kurudishwa kwao aliweza kushikiliwa bila kikomo. Mwezi Novemba 2023 Mahakama Kuu ya Australia iligeuza msimamo huo katika kesi iitwayo NZYQ, ikasema ni kinyume cha katiba kumshikilia mtu ambaye hakuna matarajio ya kweli kwamba ataondolewa nchini katika siku za karibuni. Watu zaidi ya 100 waliachiwa katika muda mfupi. Hata hivyo bunge likaja na vikuku vya kielektroniki vya mguuni na amri ya kutotoka nje usiku, ambavyo mahakama ilivibatilisha mwaka 2024. Baadaye ikapitishwa sheria ya kuwahamishia nchi nyingine, na mwaka 2025 Australia ikaingia mkataba na kisiwa cha Nauru. Mchezo huo wa kuvutana bado unaendelea.

Kwetu tumepata kuyaona

Watu wa Afrika Mashariki si wageni wa fikra zinazozaliwa gerezani. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa waraka wake wa Kenya Twendapi?, alitoka na diwani ya Sauti ya Dhiki. Nchini Uganda, Susan Kigula, aliyehukumiwa kunyongwa, alisomea sheria akiwa Luzira, na jina lake ndilo lililobeba kesi ya mwaka 2009 iliyoondoa ulazima wa adhabu ya kifo. Aliachiwa huru mwaka 2016. Na Kenya, kwa sheria ya watoto ya mwaka 2022, ilipandisha umri wa kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12. Kwa hili, Nairobi imeitangulia Sydney.

La kufanya tunalo sisi wenyewe. Kwanza ni uraia. Mtoto wa miaka 15 au chini anaweza kuingizwa katika ombi la mzazi, lakini mwenye kesi mahakamani ombi lake haliwezi kupitishwa. Fomu inayokaa kabatini kwa sababu ya uvivu au ada huweza kumgharimu kijana nchi pekee anayoijua. Pili, barua ya kufutiwa viza ikifika, wakili atafutwe siku hiyo hiyo, na mashirika ya msaada wa sheria yapo. Tatu, tuwatembelee. Makanisa yetu, misikiti yetu na vyama vyetu vinavyochangia harusi kwa maelfu ya dola haviwezi kushindwa nauli ya mama mmoja kwenda kumwona mwanawe Junee, mwendo wa zaidi ya kilomita 400.

Na ndugu walioko nyumbani waambiwe ukweli. Kijana atakayetoka siku moja atahitaji watu wa kumpokea, na hawawezi kumpokea mtu ambaye wameambiwa yuko kazini.