Mtihani wa fasihi ya wanawake unapima nini?

UCHAMBUZI

MSICHANA wa Namungo, wilayani Ruangwa, anayefanikiwa kufika chuo kikuu na kuketi katika darasa la fasihi ya wanawake duniani, mara nyingi anakuwa amekwisha kupimwa kwa fasihi mara mbili. Mara ya kwanza ni unyagoni, ambako kungwi humfundisha mwali nyimbo na mafumbo, kisha humtambua aliyeelewa kwa jinsi anavyojibu na kucheza. Mara ya pili ni katika chumba cha mtihani wa Taifa, kwa kalamu na karatasi.

Chuoni anasubiriwa na kipimo cha tatu. Swali linalopaswa kuulizwa ni iwapo kipimo hicho kinamwonyesha mhadhiri kile ambacho mwanafunzi amejifunza, au kinarudia tu yale aliyoyakariri sekondari.

Suala hilo si la wasomi peke yao. Wanafunzi wengi wa fasihi katika vyuo vikuu nchini wako kwenye shahada za ualimu. Baada ya kuhitimu, ndio wanaopangiwa shule za Ruangwa, Nachingwea na kwingineko, na namna walivyopimwa ndiyo namna watakavyowapima watoto wa wenzao.

Mzigo wa sekondari

Kwa miaka mingi, chini ya mtaala wa mwaka 2005, mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne alisoma Kiswahili kwa kutumia riwaya za Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo na Joka la Mdimu ya A. J. Safari. Ni kazi zenye wanawake wasiosahaulika. Katika Takadini, mama anakimbia kijiji ili kuokoa uhai wa mtoto wake mwenye ualbino. Katika riwaya ya Mbogo, mama muuza chakula anahangaika na watoto wasio na ada.

Hata hivyo, riwaya zote tatu ziliandikwa na wanaume. Mwanafunzi alimjua mwanamke kama mhusika kabla ya kumjua kama mwandishi.

Mtihani nao ukazoea swali la nafasi ya mwanamke katika jamii, na swali likazaa majibu yake: mwanamke kama mlezi wa familia, mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke kama mwanamapinduzi. Vijitabu vya uchambuzi vinavyouzwa mitaani viliyapanga majibu hayo kwa namba. Mwanafunzi aliweza kupata alama nzuri bila kuifungua riwaya yenyewe.

Ni kidato cha tano na cha sita ndipo wengi walipokutana na Penina Muhando, kupitia tamthiliya yake ya Nguzo Mama ya mwaka 1982. Humo wanawake wa kijiji, kuanzia Bi Moja hadi Bi Nane, wanajaribu kuisimamisha nguzo na kila mmoja anavutwa na dhiki zake. Tamthiliya hiyo haimpi msomaji jibu la mkato, na hilo ndilo linaloifanya iwe ngumu kuitungia mtihani wa kukariri.

Arobaini kwa sitini

Katika vyuo vingi nchini, alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi za muhula na alama 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Mgawanyo huo una sababu zake. Mtihani wa mwisho hufanyika chini ya usimamizi, na mtahini wa nje huweza kuzipitia karatasi na kulinganisha viwango.

Tatizo linaanza pale swali la chuo linapofanana na lile la sekondari. Mwanafunzi anayeulizwa kujadili matatizo ya wanawake katika kitabu cha Mariama Bâ wa Senegal, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili kama Barua Ndefu Kama Hii, anaweza kuorodhesha ukewenza, mila na ubinafsi wa wanaume, akapita. Mhadhiri hatajua iwapo ameona kwa nini mwandishi alichagua barua, ambayo mwanamke humwandikia shoga yake, badala ya masimulizi ya kawaida.

Lugha nayo inaongeza ugumu. Fasihi ya dunia hufundishwa kwa Kiingereza katika idara nyingi, wakati mwanafunzi wa Namungo huenda alianza na Kimwera nyumbani na Kiswahili shuleni. Anapopata alama ndogo, si rahisi kutambua kama hakukielewa kitabu au alikosa maneno ya kueleza alichokielewa.

Aidha, madarasa yamekuwa makubwa tangu mikopo ya elimu ya juu ilipoanza kutolewa na Bodi ya Mikopo mwaka 2005. Mhadhiri mwenye mamia ya karatasi huvutwa na swali lenye hoja zinazohesabika. Siku hizi, insha ya nyumbani inaweza pia kuandikwa na akili unde kwa dakika chache, jambo linalowafanya wengine watake mtihani wa mwisho upewe uzito zaidi.

Njia nyingine zipo

Dawa ya udanganyifu, hata hivyo, si lazima iwe mtihani mrefu zaidi. Daftari la usomaji linalokaguliwa kila wiki, maelezo ya mdomo ya dakika kumi na tafsiri ya ukurasa mmoja ikiambatana na sababu za kuchagua maneno ni kazi zisizonunulika kwa urahisi. Zote zinaonyesha mwanafunzi alianzia wapi na amefika wapi. Kwa darasa kubwa, kazi hizo zinaweza kufanywa kwa makundi madogo, mradi mwongozo wa usahihishaji utolewe mapema.

Kazi nyingine ni ya kukusanya. Mwaka 2007 kilitoka kitabu kikubwa cha maandishi na simulizi za wanawake wa Afrika Mashariki, miongoni mwa wahariri wake wakiwamo Amandina Lihamba, Saida Yahya-Othman na M. M. Mulokozi. Kitabu hicho kilidhihirisha kuwa wimbo na simulizi ya bibi ni fasihi sawa na riwaya.

Wilaya za Ruangwa na Nachingwea zina hazina ya aina hiyo. Nachingwea ndiko wanawake wa FRELIMO, akiwamo Josina Machel, walikopata mafunzo ya kijeshi mwaka 1967, na Josina aliandika kuhusu nafasi ya mwanamke katika mapambano ya Msumbiji. Mwanafunzi anayesoma maandishi ya wapiganaji wa mabara mengine ana ya kulinganisha karibu na nyumbani kwao.

Nyimbo za unyago zinahitaji tahadhari zaidi. Nyingi ni siri ya wanawake waliochezwa, na mwanafunzi hapaswi kuzianika kwa ajili ya alama. Kinachoweza kupimwa ni jinsi alivyoomba ridhaa, alichokubaliwa kukiandika, na sababu alizotoa za kuacha mengine. Unyago wenyewe umelaumiwa kwa muda mrefu kuwa huwakatisha wasichana masomo, na mwanafunzi makini atayaona yote mawili: elimu iliyomo na madhara yanayolalamikiwa.

Kinachosubiriwa

Tangu Novemba 2021, Serikali imeruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito kurejea shuleni. Mtaala mpya nao ulianza kutumika mwaka 2024. Hatua hizo zinaweza kuongeza wasichana wanaofika chuoni, na pia kubadili vitabu wanavyokuja navyo kichwani.

Havitabadili kitu iwapo mhitimu atarudi Ruangwa na orodha ileile ya majibu yenye namba. Tambu, msichana wa riwaya ya Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, alilima mahindi ili apate ada wakati kaka yake akitangulizwa shule. Mwalimu aliyefundishwa kuorodhesha atawaambia wanafunzi wake kuwa huo ni mfano wa ubaguzi wa kijinsia, kisha ataendelea na hoja ya pili. Aliyefundishwa kusoma atauliza ni nani darasani anayemjua msichana wa namna hiyo, na katika nchi ya korosho na ufuta, yumkini hatakosa mikono itakayonyooshwa.