Macho Mekundu Si Uchawi!

Ndugu msomaji, wewe uliye kijiweni Shinyanga, Kahama au Geita, jiulize: bibi yako kijijini analalaje usiku?

Usukumani vikongwe wengi, hasa wajane, wameuawa kwa mapanga kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Wekundu huo ni wa moshi wa kuni na samadi, waliowapikia ninyi miaka nenda rudi. Mganga anapiga ramli, moshi unageuka uchawi. Nyuma yake mara nyingi kuna mtu anayelitamani shamba.

Anayebaki hai anaishi kwa hofu. Chakula hakipiti, usingizi hauji, hazungumzi na mtu. Ndugu wanasema ni uzee. Si kweli! Hali hiyo ikizidi wiki mbili yaweza kuwa sonona, ugonjwa wenye tiba.

Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, Serikali inaahidi matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo. Je, ni matibabu gani hayo, kama mzee anapewa vidonge vya mgongo bila kuulizwa moyo wake? Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 mwaka 2016. Bara, yenye dhahabu ya Geita na almasi ya Mwadui, inangoja nini?

Lakini kijana, tusidanganyane. Mshika panga wa kukodiwa ni wa rika lako. Mkatae. Kisha nenda nyumbani, mjengee bibi jiko lenye bomba la moshi, kaa naye, mpeleke hospitali.