Anayetoka seminari hajamkimbia Mungu

KUTOKA MWITONGO
Na Nyabise Mafuru

Katika vijiji vyetu vya Butiama, Bunda na Musoma, frateri, yaani kijana anayesomea upadri, akirudi nyumbani bila kanzu watu hawamuulizi amefikiri nini hadi akafikia uamuzi huo. Wanaulizana wao kwa wao amefanya nini. Mama yake, ambaye kwa miaka kadhaa ameitwa mama frateri sokoni na kwenye jumuiya, anavuliwa jina hilo kabla hata hajaelezwa sababu. Wajomba waliokwisha kutenga ng'ombe wa sherehe ya upadrisho wanaanza kuhesabu michango waliyotoa. Nasema waziwazi kwamba aibu hii tunayowavika vijana ni kosa, na ubaya wake hauishii kwenye kukosa adabu. Inaharibu kazi yenyewe ambayo seminari iliundwa kuifanya. Kijana anayejua kwamba ndugu zake wamemfungia mlango wa kutokea hawezi kujichunguza kwa ukweli mbele ya Mungu. Atabaki kutafuta sababu za kuendelea, hata pale moyo wake unapomwambia vingine.

Tuanze na safari yenyewe, maana wengi wanaohukumu hawajui urefu wake. Mtoto anaingia seminari ndogo, tuseme Makoko pale Musoma, akiwa na umri wa miaka 13 au 14. Akimaliza sekondari na kuomba kuendelea, kuna mwaka wa malezi, kisha falsafa, kisha teolojia, na katika safari hiyo kuna mwaka wa kichungaji anaoutumia parokiani. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inataka masomo ya falsafa na teolojia pekee yachukue angalau miaka sita kamili, na umri wa kawaida wa kupadrishwa hauko chini ya miaka 25. Miaka yote hiyo haikuwekwa kwa ajili ya vitabu tu. Ni ya kupima: walezi wanamwonaje kijana, na kijana anajionaje. Likizo ikifika, frateri anajitambulisha kwa paroko wake, anasaidia vigangoni, na paroko anaandika barua kuhusu mwenendo wake. Seminarini ana baba wa kiroho wa kumfungulia moyo, na hapo sheria imejenga ukuta kwa makusudi. Walezi wanapoamua nani apewe daraja au nani aondolewe, hawaruhusiwi kamwe kumuuliza baba huyo wa kiroho maoni yake, wala muungamishi. Kanisa lenyewe, kwa maneno mengine, limetambua kwamba mashaka ya kijana yanahitaji mahali salama, likamtengea. Kisha kabla ya ushemasi na kabla ya upadri, kijana anaandika tamko kwa mkono wake mwenyewe na kulitia saini, kwamba anapokea daraja kwa hiari na kwa uhuru. Sheria hiyohiyo inakataza kumlazimisha mtu apokee daraja, kwa njia yoyote na kwa sababu yoyote. Sasa fikiria kalamu iko juu ya karatasi hiyo, na kule nyumbani maturubai yameshaagizwa, vitenge vya sare vimeshashonwa, kamati imeshakusanya michango. Hakuna aliyemshikia fimbo, lakini uhuru unaotajwa kwenye karatasi umeshapunguzwa na watu wanaompenda.

Historia ya ziwa letu ina ushahidi mzito juu ya jambo hili. Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe, kisiwa ambacho mtu wa Bunda anavuka kukifikia akitokea Kisorya, aliingia seminari ya Rubya kule Bukoba mwaka 1909, akasoma huko miaka kumi. Alikuwa bado mwanafunzi mwaka 1917, mapadri wazalendo wa kwanza wa nchi hii walipopadrishwa, na wawili kati yao walikuwa Wakerewe wenzake. Mfano wa kufuata ulikuwa mbele ya macho yake, tena wa watu wa kwao. Hata hivyo mwaka 1919 Kitereza aliondoka Rubya bila daraja, akarudi Ukerewe, akaoa, akawa mtumishi wa misheni ya Kagunguli. Huko, akitumia elimu na nidhamu aliyoipata seminarini, akaandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaikamilisha mwaka 1945. Ilikaa miongo bila mchapishaji. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Riwaya hiyo inahusu mume na mke wanaotafuta mtoto na kukataa kuachana, na mwandishi wake aliyajua mambo hayo nyumbani kwake: watoto wake walifariki wangali wadogo, lakini alibaki na mke wake mmoja katika jamii ambayo ingemwelewa kabisa kama angeoa mwingine. Mimi nasema hiyo nayo ni ahadi iliyotunzwa mbele ya Mungu, na iliota mizizi palepale Rubya. Seminari hiyohiyo baadaye ilimlea Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kufikia cheo hicho. Anayehesabu matunda ya Rubya kwa mapadri pekee atamwandika Rugambwa upande wa faida na Kitereza upande wa hasara, na mahesabu yake yatakuwa ya uongo.

Mfano mwingine uko hapa Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere huku Butiama, nami nautumia kwa uangalifu kwa kuwa yeye hakuwahi kuwa mseminari. Alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, mwezi uleule Rugambwa alipopadrishwa, na inafahamika kwamba katika ujana wake aliwahi kuwaza kwa dhati kuwa padri. Hakuwa. Imani ile ikatafuta njia nyingine: akafundisha Mtakatifu Maria Tabora na baadaye Pugu, na alipoacha ualimu mwaka 1955 akarudi huku nyumbani, akawafundisha wamisionari wa Maryknoll lugha ya Kizanaki na kuwasaidia kutafsiri mafundisho ya dini. Mwaka 1970 aliwaambia masista wa shirika hilohilo, kule New York, kwamba Kanisa lisiposimama na maskini dhidi ya mifumo inayowakandamiza litapoteza maana kwa watu. Uzeeni akatunga tenzi za Biblia. Mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa kupitia Jimbo la Musoma. Huyo ni mtu mwenye mke na watoto, mwanasiasa, ambaye Kanisa linachunguza maisha yake kama mfano wa utakatifu. Nashindwa kuelewa tunawezaje kwenda kusali kaburini pake, kisha tukirudi vijijini tukamwona kijana aliyeacha seminari kama mtu aliyeachwa na Mungu.

Wapo watakaouliza habari ya gharama, na swali lao ni la haki. Frateri mmoja analelewa kwa sadaka za wakulima na wavuvi, kwa mfuko wa jimbo, na kwa msaada wa Shirika la Kipapa la Mtakatifu Petro Mtume, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1889 kwa ajili ya seminari za nchi za misheni. Fedha hizo zikitumika kwa miaka minane, kisha kijana akaondoka, zimekwenda wapi? Zimekwenda kwake. Amesoma falsafa, anajua kusimama mbele ya watu, ameketi na wagonjwa, amezoea kuamka alfajiri kusali. Parokia isiyojua kumtumia mtu wa namna hiyo ndiyo inayopoteza fedha. Wengine watasema mapadri hawatoshi, kuna vigango vinavyopata misa kwa nadra, na ukirahisisha kutoka utabaki na altare tupu. Nakubali upungufu upo. Lakini padri aliyepokea daraja ili asimwaibishe mama yake hauondoi. Anauhamisha tu, kutoka kwenye idadi hadi kwenye moyo wa kazi, na waumini wanaulipia kwa miaka thelathini. Tena tuwe wakweli kuhusu nani anayeshikilia vigango hivyo wiki padri asipofika. Ni katekista, mara nyingi mtu mwenye familia, anayeongoza ibada, kufundisha wakatekumeni na kuzika. Kama Kanisa la Mara linamhitaji mtu huyo kiasi hicho, ni vigumu kusema aliyesoma teolojia na kisha akaoa hana nafasi.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la uvumilivu. Watu wazima katika imani husema kwamba wito una msalaba wake, na kijana akifunguliwa mlango kila anapochoka hakuna atakayefika. Ni kweli mashaka ya usiku mmoja si ishara kwamba mtu hakuitwa, na mlezi mwema atamwambia kijana asubiri, asali, aendelee na mwaka. Ni kweli pia kwamba wapo wanaoondolewa kwa makosa yao, na hao sidai tuwapigie vigelegele. Ila uvumilivu una maana pale tu mtu anapoweza kwenda na akachagua kubaki. Ndugu zetu Wamennonite, walioanza Shirati mwaka 1934, walikuwa na njia ya kupima ambayo inafaa tuitazame. Zedekia Kisare alikuwa mwalimu na mwinjilisti, mtu mwenye ndoa, anayefahamika kwa majirani zake, kabla ya kuwekewa mikono kuwa mchungaji, na mwaka 1967 akawa askofu wao wa kwanza Mwafrika. Kazi ilimpima kwanza, cheo kikafuata. Wakatoliki wana useja wao na njia yao ndefu, wala sipendekezi waiache. Ninachokiona ni kwamba kwa Kisare jumuiya ilimjua mtu ilipomtuma, wakati sisi tunamshangilia mtoto wa kidato cha kwanza kana kwamba jibu limeshatolewa, kisha tunamdai deni la shangwe ambazo hakuziomba.

Kwa hiyo nina maombi kwa wanaohusika. Mapadri wa parokia, katika Jumapili ya kuombea miito watajeni madhabahuni na wale waliotoka seminari wakabaki waamini, na muwape kazi: mafundisho ya ndoa, kwaya, uongozi wa jumuiya, hesabu za parokia. Kamati za upadrisho zisianze kukusanya hata shilingi kabla kijana hajaandika tamko lake na kulikabidhi. Wajomba na mashangazi, acheni kumwita mtoto padri akiwa bado na kaptula ya shule. Na wewe mzazi mwenye kijana seminarini, likizo hii kabla hajapanda basi la kurudi, mwite pembeni umwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba akija na daraja au akija bila daraja, hapa ni kwao.