Wa jioni nao ni wanafunzi

Wengi wenu mkitoka kantini kurudi hosteli, sisi wa jioni ndio tunaingia. Utatujua: kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni, kompyuta mpakato begani, njaa tumboni. Nasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa TEHAMA, na mchana niko kwenye kitengo cha kompyuta cha ofisi moja hapa Dar es Salaam. Nimeshasikia mara nyingi kwamba masters ya jioni ni ya kutafuta cheti tu, msomi wa kweli anasoma mchana. Kwa fani hii naona ni kinyume kabisa.

Chukua ITIL, ule mwongozo wa kuendesha huduma za TEHAMA ulioanzia serikalini Uingereza miaka ya 1980. Unatufundisha kutofautisha tukio na tatizo. Mfumo ukiganda, hilo ni tukio: urudishe haraka watu wafanye kazi. Tatizo ni kile kinachoufanya ugande kila mara. Kwenye slaidi ni mistari miwili, unakariri kwa dakika tano. Ila ofisini kwetu mfumo ulikuwa unaganda kila mwisho wa mwezi, siku ya mishahara. Fundi anazima na kuwasha, mhasibu anashukuru, mwezi ujao yaleyale. Baada ya kipindi kile tulikaa na kumbukumbu za miezi sita, tukakuta kazi ya kunakili data imepangwa kuanza saa ileile ya kuandaa mishahara. Tukaihamishia usiku, basi. Na ombi la bajeti ya seva mpya lilikuwa tayari mezani kwa bosi!

Au Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mkiijadili darasani, aliyeko kazini anajua taarifa za wateja ziko wapi hasa: kwenye Excel ya dada wa mapokezi, na nakala kwenye WhatsApp.

Kwa hiyo wewe wa mwaka wa tatu unayetaka kuunganisha moja kwa moja kwa sababu ajira hakuna, nakuelewa. Lakini jishikize kwanza mahali, hata kwa kujitolea. Utasimamia nini kama hujawahi kusimamiwa?

Sasa kero. Ada tunalipa, ila dirisha la uhasibu linafungwa saa tisa na nusu. Kugongewa mhuri mmoja lazima niombe ruhusa kazini, na ruhusa zina mwisho. Kura za serikali ya wanafunzi zinapigwa mchana, siku ya kazi, halafu tunaambiwa wa jioni hatujali mambo ya chuo. Kibaya zaidi ni tasnifu. Wenzangu wawili wamemaliza masomo yote ya darasani na wamekwama hapo, si kwa uvivu. Msimamizi anapatikana Jumanne saa nne asubuhi, na wao saa hiyo wako kazini.

Naiomba serikali ya wanafunzi ilifikishe hili kwa utawala muhula huu. Siku mbili tu kwa wiki, uhasibu na usajili wawe wazi hadi saa mbili usiku, watumishi wapishane zamu. Kila msimamizi atenge saa moja ya jioni, hata kwa simu ya video. Suala la kura liko mikononi mwenu wenyewe: ongezeni saa za kituo, tutakuja kupanga foleni na vitambulisho vyetu shingoni.