TAA ZA KUZAMA: SEBULE AU DUKA LA DAWA?

Wiki hii niko nyumbani Kagera, na fasheni niliyoikuta huku ni taa za kuzama darini. Kuanzia Bukoba mjini mpaka Kamachumu kule Muleba, kila nshomile anayerudi Krismasi anataka dari la jipsamu lenye matobo. Sebule moja nimehesabu taa kumi na sita. Jamani, sebule au ukumbi wa harusi?

Sikatai, ni bomba. Dari linabaki safi, chumba kifupi kinaonekana kirefu. Ila zipimwe. Dari likiwa mita 2.7, taa na taa ziachane kama mita 1.3, na ukuta uachwe sentimita 70 hivi. Chumba cha mita 3 kwa 4, taa sita zinatosha kabisa. Na rangi ya mwanga iwe ya joto, Kelvin 3000. Ile nyeupe ya 6500 inawafanya wageni waonekane wamekuja kuchukua dawa.

Kinachonitisha ni huko juu msikokuona. Balbu za halojeni za wati 50 zinaunguza. Ukizibananisha na kenchi za mbao zenye vumbi na utando wa buibui, umeweka jiko la mkaa juu ya kitanda cha mtoto. Chukua LED ya wati 5 au 7, mwanga haupishani sana. Waya ziungwe kwa konekta ndani ya boksi. Fundi mmoja nimemkuta anafunga maungio kwa mfuko wa rambo! Mifuko hiyo ilipigwa marufuku 2019, sijui kautoa wapi.

Mvua ya Bukoba nayo mnaijua, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Bati likivuja, tone linatafuta tobo, na humo mna umeme. Bati kwanza, taa baadaye.

Halafu senene. Msimu wa Novemba wanafuata mwanga, ndiyo maana wavunaji huwasha mataa makali mbele ya mabati. Acha dirisha wazi na sebule inawaka, utavuna bila mtego. Mimi sitalalamika, nileteeni kikaango.

Mliopanga Kashai na Hamugembe, dari si lenu, msitoboe. Nunueni taa ya kusimama, ielekezeni ukutani, kodi ya mwenye nyumba isije ikapanda kwa ajili ya tobo. Wiki ijayo tunaingia jikoni.