Jicho la Shabiki



Neno la leo liko Mithali 12:10. Linatufundisha kwamba haki ya mtu huonekana hata kwa jinsi anavyomjali mnyama wake.

Nasema na wewe wa Umoja, Donholm, Kayole na Buruburu unayependa vipindi vya maisha ya watu kwenye runinga. Usitoroke, sikuji kukukataza. Mapenzi haya hayakuanza jana. Mwaka wa 2006 watu walipiga kura kwa SMS mpaka Valerie Kimani akashinda Tusker Project Fame. Februari 2023 The Real Housewives of Nairobi ikaingia Showmax, na hadi leo kuna wapendwa wanaojua ugomvi wa akina mama wale kuliko wa nyumba zao.

Mimi naona kipaji hapo. Shabiki ana jicho. Anakumbuka nani alinuna, nani alisema nini, na uso wa nani ulibadilika kabla hajafungua mdomo. Swali langu ni moja: ukizima runinga, jicho hilo huenda wapi?

Wiki hii mtoto wa Sunday school alinitumia ujumbe kwa simu ya mamake: nimwombee mbwa wao, tumbo limemsumbua. Nikampigia mama (ameniruhusu kusimulia). Amekula nini? Ameanza lini kutapika? Anakunywa maji? Mama hakujua. Mtoto alijua yote. Jumapili alitupiwa mifupa ya kuku na mabaki ya pilau, usiku akatapika mara tatu, asubuhi akaanza kuendesha, lakini maji anakunywa. Walipofika kwa daktari wa wanyama, maswali yalikuwa yale yale, na aliyeyajibu ni mtoto.

Mpendwa, maombi ni lazima, lakini pia jua la kufanya. Mbwa mkubwa akitapika mara moja mbili na bado ana nguvu, mpumzishe chakula kwa saa kadhaa na umwachie maji safi. Akitulia, mpe kidogo kidogo wali mtupu na kuku wa kuchemsha, bila mfupa, chumvi wala kitunguu. Usimpe dawa zako za maumivu, zinaweza kumuua. Akiwa na damu, akilegea, au maji yakikataa kukaa tumboni, mpeleke kwa daktari. Na kama ni mtoto wa mbwa ambaye hajachanjwa, usingoje kesho: parvo humaliza mbwa mdogo kwa siku chache. KSPCA iko Karen, na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete. Kutoka Eastlands huko ni mbali, kwa hivyo tafuta leo namba ya daktari wa wanyama aliye karibu na mtaa wako.

Najua kuna atakayesema, "Pastor, ni mbwa tu, na karo bado." Sikuambii uuze kitanda. Nakuambia kutazama hakuna bei. Yule mbwa analinda geti lenu usiku kucha, na anajua hatua zako kabla hujabisha. Wale wa kwenye runinga hata jina lako hawajui.

Tena jicho lililozoea kumwona mbwa aliyekosa kula ndilo litakalomwona kijana aliyenyamaza tangu Jumatatu, na mzee wa nyumba ya pili ambaye mlango wake haujafunguliwa leo. Mungu hufundisha moyo kwa vitu vidogo.

Basi leo usiku, kabla kipindi hakijaanza, zunguka nyumba yako kama shabiki. Nani hajala? Nani amenuna? Nani anaumwa na hajui kusema? Halafu njoo utazame kipindi chako kwa amani.

Kama unakubali, andika AMINA. Kama una mnyama mgonjwa, andika nimwombee, na useme amekula nini!

Mbarikiwe.